Fiji Niliyoisoma Bure

Jumapili, Troyeville, Johannesburg. Baridi ya leo inauma mpaka kwenye mifupa, na hita nimeizima kwa hasira tu. Sijui namkomoa nani.

Shajara, leo sina maneno matamu. Nimeumia.

Mwanangu Zuhura yuko Suva, Fiji, kwa mumewe Faizal, na mimba yake ndiyo ya kwanza. Kwetu Tanga jambo hili halina mjadala. Binti akijifungua mara ya kwanza, mama yake ndiye anayemkanda kwa maji ya moto, anamfunga tumbo, anampikia uji wa pilipili manga mpaka arobaini iishe. Mama haombi, wala haombwi. Anafungasha, anakwenda.

Basi nikaanza kujiandaa, maana hiyo Fiji nilikuwa naijua kwa jina tu. Nikaazima maktaba kitabu cha wasafiri, kikuukuu, ramani zimechomoka. Nikasoma tovuti yao ya utalii mwanzo hadi mwisho. Nikiwa nashona, simu naiegemeza kwenye cherehani, natazama video za watu waliokwenda. Nimejua msimu wa vimbunga. Nimejua kwamba kutoka uwanja mkubwa wa ndege hadi Suva bado ni safari ndefu ya basi. Nimejua watu wao wa forodha ni wakali kwa vyakula vya wageni, nikaanza kuwaza pilipili manga yangu nitaipitishaje. Kitabu kinasema ukiingia kijijini umpelekee mkubwa wa pale mizizi ya kava, wanayotengenezea kinywaji chao. Nikafurahi peke yangu. Nikasema hawa ni watu wetu, hawaingii kwa mtu mikono mitupu.

Kila nilichokipata nilimtumia Zuhura. Soko la Suva, nikatuma. Mvua za Suva, nikatuma. Ufukwe, nikatuma, nikamuuliza kama ni mbali na kwao. Yeye ananijibu kwa emoji za kucheka.

Leo asubuhi ameniletea ujumbe wa sauti. Kiswahili anakisikia vizuri ila hakizungumzi, amezaliwa hapa hapa Joburg. Kwa Kiingereza chake akaniambia mamake Faizal anahamia kwao kumsaidia na mtoto, na chumba cha wageni ni kimoja. Mimi nisiwe na wasiwasi. Anajua nina hamu sana ya kuitembelea Fiji, kwa hiyo nije mwakani mtoto akishakua kidogo, watanitafutia hoteli nzuri ya ufukweni.

Hoteli.

Yaani mimi nimeonekana mtalii.

Nikaenda kulalamika kwa jirani yangu Mama Chantal, msusi kutoka Bukavu. Nilitaka anisaidie kumsema vibaya mamake Faizal. Yeye akaendelea kutwanga sombe yake, kisamvu cha kwao, hata hakuinua kichwa.

"Weye ulimuambiaka siku gani kama unaenda kumukanda?" akaniuliza. "Ulikuwa unamutumia tu mapicha ya bahari."

Nikamkasirikia na yeye. Nikaondoka bila kuaga.

Lakini ni kweli, sikumwambia. Hivi kitu kama hicho nacho kinasemwa? Zuhura alipozaliwa, mama yangu alitoka Tanga kwa basi mpaka hapa. Sikumwita. Nilimwona tu mlangoni, miguu imevimba, anauliza maji ya moto yako wapi. Nikadhani mtoto wa kike anazaliwa akiyajua haya. Kumbe huyu wangu amekulia Joburg, anajua kwamba mtu anayeuliza habari za ufukwe anataka kwenda ufukweni.

Jioni hii amenitumia ukurasa wa hiyo hoteli. Picha ya kwanza ni mwanamke mgeni amelala kifudifudi, amefumba macho, na mama mmoja wa pale anamkanda mgongo kwa mafuta. Nimeitazama mpaka kioo cha simu kikazimika chenyewe. Kukanda ndiyo kazi iliyokuwa inanipeleka huko. Sasa mwanangu anataka kunilipia nikakandwe mimi.

Nimemjibu kwamba ni pazuri.

Kesho, kabla sijakaa kwenye cherehani, nitampigia. Nitamwambia kwa Kiswahili, taratibu, kwamba Fiji sikuwa na haja nayo hata kidogo, nilikuwa na haja na yeye.

Na akiniuliza, "Mama, mbona hukusema?" nitamjibu nini?