Mkanda wa Baba Mkwe

Nyanya Drusilla, nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya mfuko wa simiti, mimi ndiye mkaguzi wa usalama kwenye mjengo wa ghorofa nne hapa Kiogoro, kazi niliyoisomea, na mkandarasi wetu ni mgeni kutoka ng'ambo, injinia mkali lakini si mbaya, na sheria yake ni moja, kwamba hakuna mtu kupanda ngazi yetu, na ya kwenda juu ni hiyo moja tu, kabla sijakagua mkanda wake wa usalama kwa mikono yangu, mabegani, kiunoni na mapajani, halafu niweke tiki kwenye fomu, na hapo ndipo shida yangu ilipo, maana fundi wetu mkuu wa mawe ni Mzee Masese, baba yake mume wangu, na wewe unaijua chinsoni yetu Wagusii, ile heshima ya kuoneana haya, mke wa mwana na baba mkwe hawagusani hata kwa salamu ya mkono, sembuse mapajani, kwa hivyo yeye akija mimi nageuka natazama migomba na tiki naweka hivyo hivyo, miezi miwili sasa. Jumanne iliyopita ubao aliosimamia ulivunjika akiwa ghorofa ya tatu, akang'ang'ania bomba kwa mkono mmoja mpaka wenzake wakamvuta, na mkanda wake, Nyanya, ulikuwa umefungwa kiunoni tu, mikanda ya miguuni inaning'inia, na kamba haikuwa imeshikishwa popote. Injinia alikuwa ameenda mjini, hajui lolote, bado anasifu fomu zangu. Mume wangu Ogeto ananiambia, "Wee weka tiki! Ama unataka kumpapasa baba yangu?" Nikisema, mzee atafukuzwa na mimi nitaitwa mwanamke asiye na haya, nikinyamaza, Jumatatu wanaanza kazi ya paa. Nimewaza hata kuacha kazi. Nifanye nini?

Nyanchoka, Kiogoro

Nyanchoka mjukuu wangu,

Mimi sikusoma. Barua yako nimesomewa mara mbili, na ile ya pili nilitaka kuja huko na mwiko. Pole kwanza. Najua hakuna mwalimu aliyekufundisha la kufanya mkanda ukiwa wa baba mkwe. Lakini usiniambie umemheshimu. Umemwona mzee akipanda kwenda kufa, ukatazama migomba.

Nikiwa nimeolewa juzi juzi huko Nyamira, baba mkwe wangu aliteleza akaingia kwenye shimo la choo tulilokuwa tukichimba. Akaninyooshea mkono. Mimi nikarudi nyuma! Nikakimbia kutafuta mwanaume, nikazunguka mashamba ya chai yote, na tuliporudi udongo ulikuwa umemfika kifuani. Alitolewa na mguu umevunjika. Baada ya wiki akamtuma mama mkwe: "Mwambie huyo mtoto, siku nyingine ashike." Ashike! Na huyo mzee aliijua chinsoni kuliko Ogeto wako.

Huyo Ogeto naye, muulize kwa niaba yangu: siku ya mazishi ya baba yake atasimama aseme nini? Kwamba fomu ilikuwa safi?

Kazi huachi. Ukiondoka, mkanda wa mzee utajifunga wenyewe?

Leo hii, ukimaliza kunisoma, nenda kwa injinia umwambie tiki zote za Mzee Masese ni za uongo, na ubao wa Jumanne usiufiche. Atafoka. Mwache afoke, ana haki. Akichoka, mweleze chinsoni ni nini. Hawa wageni si wajinga, mama. Wajinga ni sisi tunaowaitikia "yes, yes" huku tumeficha mambo yetu, halafu tunalalamika kwamba hawatuelewi. Mwombe mwanaume wa rika la mzee, seremala au yeyote mwenye akili zake, umfundishe wewe mwenyewe, yeye ndiye awe anamfunga mzee na kuweka alama yake kwenye fomu. Injinia akitaka kufukuza mtu, aanze na wewe, kwa sababu mkono ulioandika ni wako. Itauma. Jeneza linauma zaidi.

Na mzee akikataa? Nawajua mafundi wa mawe, atasema alijenga Ogembo nzima bila mkanda. Usibishane naye, usimguse. Tandaza leso yako kwenye kipandio cha kwanza cha ngazi, ukae. Akusukume? Hawezi. Akuruke? Thubutu! Chinsoni iliyokufunga wewe mikono miezi miwili, Jumatatu itamfunga yeye miguu.

Kaa hapo mpaka avae. Na akikawia, nitumie ujumbe, nitaleta uji tukae wawili.

Nyanya Drusilla