Orpah Nyanchoka, Mama Yetu Aliyerusha Ndege Chalbi

Mama, mwaka umetimia tangu asubuhi ile ulipotutoka, chai shambani ikiwa bado na umande na Baba akikuchemshia maji ya kuoga. Ndugu zangu wamenipa mimi, Valentine, kitindamimba wako, kazi ya kuandika, kwa sababu ndimi niliyekuwa nawe jangwani. Kulia tumelia, na ziko siku bado tunalia. Leo tunataka kukushukuru.

Asante kwa miaka yote uliyouza mitumba pale sokoni Daraja Mbili. Wateja wako wangali wanatusimulia jinsi ulivyokataa kuwauzia nguo isiyowafaa. "Hii imekukataa, mwanangu, irudishe," ulikuwa ukimwambia mtu ambaye ameshatoa pesa mfukoni. Sweta nzuri za watoto ulizificha chini ya meza mpaka aje mama fulani aliyekuwa akichelewa sokoni kila wiki. Nyumbani uliimba ukipika, na ukiimba ulisahau kama umeshatia chumvi, ukatia tena. Tulikula hivyo hivyo. Siku hizi dada yangu Beverlyne anapika vizuri kabisa, na tunakumbuka chumvi yako.

Watu wengi wameuliza mambo ya ndege yalianzaje. Yalianzia mezani pako. Ulifungua mtumba wa vitu vya watoto, ukakuta ndege ndogo ya sponji gumu, bawa limevunjika, rimoti yake ikiwa imefungwa pembeni. Ogada, fundi wa simu pale mjini Kisii, akapita akaiona.

"Mama, hii unauza?"

"Kwanza niambie ni ya nini."

"Inaruka. Mimi na wenzangu tunazirusha. Hata jangwani huwa tunaenda nazo."

"Inaruka kabisa, ama ni ya kudanganya watoto?"

"Inaruka kabisa, ukiielekeza."

Ukaichukua kutoka mikononi mwake, ukaigeuza huku na huku. "Basi siuzi," ukasema. "Nifundishe."

Ogada alidhani unatania. Alikuwa hakujui.

Alikufundisha Jumapili, kwenye uwanja wa shule, lakini wewe hukuweza kungoja Jumapili. Ukaanza kuirusha nyumbani Gesima, mteremkoni, mahali ambapo hata mpira ukipigwa vibaya lazima ufuatwe mpaka mtoni. Ndege yako ilitua kwenye chai. Ilitua kwenye migomba na juu ya mikaratusi. Mara moja ilitua kwenye paa la choo cha jirani, mwenyewe akiwa ndani. Wachumaji chai wakisikia mlio waliinama wakapiga kelele, "Nyanchoka, umetukosa!" nawe ukawajibu kwamba kesho hutawakosa. Ulijifunza kukata mabawa kutoka lile sponji jeupe linalofunga televisheni mpya. Upande wa chini uliyapaka rangi nyekundu, upate kujua ndege ikiwa mbali kama iko sawa au imepinduka.

Baba hakucheka. Yeye ni mzee wa kanisa, na mambo yake ni ya taratibu.

"Nyanchoka, una wajukuu," alikuambia.

"Ndiyo, na wao wanaipenda."

"Watu wanaona kama nimeshindwa kukutunza, mpaka umerudi utotoni."

"Waambie umenitunza vizuri. Ndiyo maana nina nguvu ya kucheza."

Hakukukataza, hilo hatuwezi kumsingizia. Lakini kila ulipotoa ndege nje, yeye alichukua jembe akaenda upande wa pili wa shamba.

Kisha Ogada na wenzake wakakuchukua kwenda jangwa la Chalbi, kule juu ya Marsabit, ambako huenda kila mwaka wakati wa kiangazi kurusha ndege zao. Ulirudi midomo imepasuka, viatu vimejaa chumvi ya jangwa, ukatusimulia mpaka tukachoka. "Hakuna mti," ulisema. "Hakuna kilima. Ukikosea, iko nafasi ya kukosea." Ogada naye alituambia jinsi ulivyopika Ijumaa chakula cha watu wote, na Jumamosi, Sabato yako, ukakaa kwenye kivuli cha gari na Biblia yako, hukugusa rimoti hata walipokubembeleza. Mwaka uliofuata hakuna aliyekubembeleza. Walikuja kukaa nawe kivulini.

Halafu moyo wako ukaanza kuchoka. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, ukamwachia Beverlyne meza ya sokoni. Tulipodhani mambo ya ndege yamekwisha, tukakuta unaunda nyingine kitandani, kubwa kuliko zote, vipande vya sponji vimejaa kwenye blanketi. Kiangazi kilipofika ukatoa begi.

"Mama, daktari alisema upumzike," kaka yangu Jethro akakuambia.

"Nimemuuliza. Alisema nisibebe mzigo, nisikimbie, nisisahau dawa. Nikamwambia habari ya ndege, akacheka, akasema niende na mtu wa kunitazama."

Baba akaweka kikombe chini. "Na ukifia huko?"

"Ombui, hata kwenye kiti hiki mtu hufa."

Baba akasimama, akatoka kwenda kuangalia ng'ombe, nasi tukadhani safari imeisha hapo. Alikaa huko kitambo. Aliporudi alisimama mlangoni akauliza, "Huko ni baridi ama ni joto?"

Ndivyo tulivyokwenda watatu, wewe, Baba na mimi. Baba hakuzungumza mpaka Marsabit. Wenzako walimpokea kwa heshima, wakamwita Mzee, wakampa maji ya kunawa, naye akawajibu kwa kichwa tu.

Asubuhi ya kwanza Chalbi ilikuwa shwari. Ardhi nyeupe mpaka macho yachoke. Ulikaa kwenye kiti, rimoti mapajani, Ogada akairusha ndege kwa mkono, ikapanda. Sijawahi kukuona umetulia vile. Baba alisimama nyuma yako amekunja mikono. Ukaizungusha mara kadhaa, kila inapoinama tunaona wekundu wa mabawa. Ndipo upepo ukaja na vumbi, ghafla.

"Mama Bev, ishushe! Ishushe!" Ogada akapiga kelele.

"Siioni, Ogada."

"Punguza nguvu ya mota, ishuke yenyewe!"

"Siioni, mwanangu."

Mlio wake ukafifia, kisha hatukusikia kitu.

Ulijua huna nguvu ya kuunda nyingine, na sisi tulijua. Uliweka rimoti chini ukaifunika na leso. "Imeenda vizuri," ulisema, lakini sauti haikuwa yako.

Baba aliisikia sauti ile. Akavua koti lake, akakufunika mabegani vumbi lisikuingie, akaanza kutembea. Ogada akamwita, "Mzee, tungoje vumbi litulie." Hakugeuka. Basi Ogada akamfuata, na wengine wakaacha ndege zao chini wakafuata, huyu kwa gari, huyu kwa miguu. Nilibaki nawe. Walirudi mmoja mmoja, mikono mitupu. Baba alirudi wa mwisho, mweupe kwa vumbi kuanzia nyusi mpaka viatu.

"Sijaiona, Nyanchoka," alisema. "Kesho nitaenda upande ule mwingine."

Ulimtazama kama mgeni uliyemngoja muda mrefu. "Keti kwanza," ukamwambia. "Kunywa maji."

Jua likiwa bado halijazama tulimwona mwanamke anakuja akivuta ngamia, na juu ya ngamia ndege yako imefungwa kwa kamba, bawa moja limevunjika. Jina lake ni Talaso, mfugaji wa kule kule.

"Ndege yenu amelala kwa kisima yangu," alisema. "Ngamia amekataa kunywa maji sababu yake."

Tulicheka, Mama, mpaka ukashika kifua na mimi nikaogopa. Baba alitaka kumpa Talaso shukrani, akatia mkono mfukoni, Talaso akakataa.

"Hapana. Nataka kuona yeye anapanda juu."

Kesho yake akaja. Ulikuwa umeunga bawa kwa gundi na selotepu, ukampa pakiti ya majani ya chai ya Gesima, mkaketi pamoja, wewe na Kiswahili chako cha sokoni, yeye na chake cha kisimani, mnaelewana kuliko sisi tuliosoma. Ndege ikapanda. Uliipitisha mbali juu ya ngamia wake, Talaso akapiga makofi. Kisha ukaita, "Ombui, njoo ushike."

"Mimi? Nitaivunja."

"Tutaunga. Shika."

Uliweka mikono yako juu ya yake. Nilikuwa nyuma yenu, niliona ulipoiondoa polepole, bila kumwambia. Baba aliendelea. Akazungusha duara moja pana, akazungusha la pili, kisha akagundua mikono ni yake peke yake, akacheka. Mimi ni mtoto wake, na kicheko kile sikuwa nimewahi kukisikia. Alipoishusha ilijigonga, gurudumu likatoka, wenzako wakashangilia kama watu wa harusi.

Mama, miezi uliyotupa baada ya safari ile ndiyo tunayoishukuru zaidi. Baba alijifunza majina ya dawa zako zote na kuyatamka vizuri kuliko sisi. Jioni mliketi barazani, anakushikia bawa gundi ikauke, mnabishana kama limenyooka. Hukuweza tena kupanda kilima, kwa hiyo alirusha yeye nawe ukamwelekeza kutoka kitini, na wachumaji chai wakapata mtu mpya wa kumpigia kelele. Ulituombea sote kwa majina. Asubuhi ile ulikuwa umekaa, kitambaa chako kichwani, unangoja maji. Hukuteseka. Kwa hilo pia tunashukuru.

Wenzako wa ndege walikuja wote kukuzika. Walimenya ndizi, wakachota maji, wakalala kwenye magari bila kulalamika. Ogada alijaribu kusema Ekegusii, lugha yetu, mbele ya watu, akakosea kiasi kwamba waombolezaji walicheka na kulia kwa wakati mmoja. Talaso alipiga simu, akaomba kuzungumza na Mzee. Baba alisikiliza muda mrefu, amefumba macho, akiitikia tu. Tulipomuuliza amesema nini, alijibu, "Amenipa pole kama mtu wa nyumbani."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliokuhudumia, waumini wenzako wa Gesima, wafanyabiashara wa Daraja Mbili waliofunga meza zao siku ya mazishi, na majirani, hata yule wa choo, ambaye alikulilia kuliko tulivyotegemea.

Nilimuuliza Baba anataka niandike nini kwa niaba yake. Alifikiri, akasema, "Andika kwamba niliishi na mama yenu miaka mingi nikidhani namjua. Mungu akanihurumia, akanipa nafasi ya kumjua kabla hajamchukua." Nilipofikiri amemaliza, akaongeza, "Na mwambie chai mwaka huu imekuja vizuri."

Unakumbukwa na mumeo, Mzee Ombui; watoto wako Beverlyne, Jethro na Valentine; dada yako Nyanchera na kaka yako Mogire; wajukuu wako wote, ambao kila mmoja anadai kwamba Magokoro, nyanya yao, alimpenda yeye zaidi; Ogada, mkewe Apondi na wenzako wote wa ndege; na Talaso wa Chalbi.

Pumzika, Mama. Maadamu tunaishi, jina lako litatajwa nyumbani humu kwa furaha.