Mpira wa Mashine ya Mama

Nyumbani kwa Baba,
Ghorofa ya Pili.
Juni 14

Kaka yangu mpendwa,

Hujambo? Wifi na mapacha hawajambo? Kile kifua kimetulia, au bado unakitibu kwa ubishi? Sisi ni wazima wa mwili. Mengine kaa kwanza ndipo usome.

Ile mashine ya kufulia uliyomnunulia Mama imetutoa jasho. Mpira wake wa maji ulikuwa unavuja kwenye koki, Mama akaufunga kwa kitambaa alichokata kwenye gauni lake kuukuu. Tangu tumzike, hakuna aliyethubutu kukigusa. Mimi nikawa nafua kwa mikono, mashine ipo inanitazama.

Koki Mama alikuwa haifungi, basi na Baba haifungi. Tone, tone, mchana kutwa. Nikimwambia tuite fundi, ananijibu kwa upole, "Mwache mama yako afue." Kaka, nywele zilinisimama! Kibaya zaidi, na mimi nikaanza kumsikia. Nikiwa jikoni, najua kabisa yumo bafuni. Nimeingia kumtazama zaidi ya mara moja.

Methali ya ufa na ukuta naijua, usinisomee. Jumamosi tumerudi kutoka kwa shangazi, tukakuta mpira umepasuka, maji yamefika sebuleni, na fundi cherehani wa ghorofa ya chini kasimama mlangoni na nguo za wateja zinachuruzika. Baba huyo, akaingia bafuni miguu mitupu, na waya wa mashine umelala majini! Nilipiga kelele hadi sauti ikakauka. Fundi cherehani ndiye aliyekimbia kuzima umeme.

Fundi bomba anasema mpira ulikuwa umevimba siku nyingi, kitambaa kiliuficha tu. Ametia mpya. Koki ifungwe kila tukimaliza kufua, mpira usibanwe ukutani ukajikunja, na ukianza kuvimba ubadilishwe, usifungwefungwe. Na wewe kautazame wa kwako leo hii, nakujua kwa uvivu.

Alipokaza nati, nyumba ilinyamaza. Baba akauliza, "Ameenda wapi?" Akaketi palepale sakafuni akalia, kaka, yeye ambaye makaburini hakutoa chozi. Nikamkumbatia, tukalia wote wawili.

Sasa kila asubuhi ananiomba niilegeze ile nati kidogo tu, litoke tone moja. Namkatalia, naye hakasiriki, ananitazama tu. Wewe ndiye anayekusikiliza zaidi. Mwambie kwamba Mama amepumzika.

Shangazi anakusalimu sana. Mbusu wifi na mapacha kwa niaba yangu. Mungu awafunike huko mliko, na maji yawe ya kunywa na kuoga tu.

Ila mpigie Baba leo, usingoje kesho. Nyumba imekuwa kimya mno, na spana ya ile nati fundi bomba aliisahau hapa kwangu, nami kila nikipita naitazama.

Mdogo wako anayekupenda hata ukimnunia,
Kiherehere