Makaburi Yaliyozimwa Kwenye Ramani

Makambako

Kaka Kefa,

Huku baridi imekaza. Shangazi Rebeka ameruhusiwa kutoka hospitali ya Ikonda, sasa anatembea mwenyewe na kugombeza watu kama zamani.

Ramani ya kuuzia shamba la baba pale Lupembe nimeipata. Uliandika, "Ema, wewe saini tu, PDF haibadiliki." Kaka, nachora ramani mwaka wa ishirini huu. Nimeigeuza hiyo PDF ikawa mchoro wa AutoCAD, programu yetu ya kuchorea, kila mstari unashikika. Ndipo nikakuta tabaka moja la mchoro limezimwa lisionekane. Nikaliwasha. Yakatokea makaburi manne, la baba na la mama yakiwa chini ya hoteli anayotaka kujenga mnunuzi wako.

Mpimaji aliyapima vizuri, kisha mtu akamwambia ayafiche. Sikuulizi ni nani.

Wakubwa wamezoea kututisha kwa karatasi, kana kwamba karatasi haikuchorwa na mtu. Mimi sisaini. Jumamosi nawapelekea wazee wa ukoo ramani yenye makaburi yote, na saini yako nimeiacha palepale ulipoiweka. Ukitaka kuyafuta, njoo na jembe, uyafute tukikutazama.

Mdogo wako wa tumbo moja,
Ema