Tulikuita Marehemu Ukiwa Umesimama Getini

Talaso, mwenzangu wa dawati,

Kosa ambalo watu wengi hufanya wanapotaka kukutana tena na waliosoma nao ni kuanza na simu. Wanafungua kikundi, namba moja inaleta nyingine, na baada ya wiki mbili wanatangaza kwamba darasa limepatikana. Asiyepatikana anawekewa alama ya kuuliza. Alama hiyo ikikaa sana, watu wanaichoka, na mmoja wao anaigeuza kuwa jibu. Lakini simu haimtafuti mtu, Talaso. Inatafuta mtandao, na wewe ulikuwa Sericho, kusikofika mtandao.

Nivumilie nikieleza mambo kwa urefu. Ualimu uliniharibu. Ekai husema nikiulizwa ni saa ngapi naanza kwanza kueleza jua linavyozunguka. Lakini safari hii nina sababu ya kwenda polepole. Jumamosi ijayo darasa letu linakutana tena, na kuna neno ambalo sijawahi kulisema mbele yao, wala mbele yako. Nalijaribu kwanza hapa.

Unamkumbuka Ekai? Yule mtoto wa Kiturkana aliyekuwa akiiga sauti ya mwalimu mkuu hadi siku mwalimu mkuu aliposimama nyuma yake. Ameendesha malori maisha yake yote, sasa amestaafu, na tumemfanya mwenyekiti kwa sababu ya sauti yake. Mimi ni katibu. Mwaka jana ndiyo ilikuwa mara yetu ya kwanza kukutana tangu darasa la saba. Kwenye kikundi mtu aliuliza, "Talaso Guyo je?" Mwingine akajibu, "Huyo nasikia alifariki ile kiangazi kubwa." Basi. Hakuna aliyeuliza kasikia kwa nani. Mimi ndiye niliyeshika kalamu, na mimi ndiye niliyechora msalaba mdogo mbele ya jina lako, wewe Mwislamu. Hata hilo sikulifikiria.

Nikuambie na jambo baya zaidi. Niliposoma kwamba umekufa nililia. Kisha, kabla machozi hayajakauka, nikahisi mabega yangu yamekuwa mepesi.

Tulikutana katika ua wa hoteli moja hapa mjini, mchana, mwezi wa nane. Tulikubaliana kuita majina kama zamani, kwa mpangilio ule ule wa rejista, na kwa kuwa nilikuwa monita, kazi ikawa yangu. Aliyepo alijibu "Niko, Mwalimu!" na wazee wazima wakacheka hadi wakakohoa. Kwa aliyekufa sote tulisema pamoja "Ametangulia," halafu mmoja aliyemjua vizuri alisimama na kutaja jambo moja tu la kumkumbuka. Ilikuwa desturi nzuri. Mtu alisema Abdi alikimbia pekupeku hadi mbwa wa jirani wakaacha kumfukuza. Mwingine alisema Nkatha hakuwahi kula chapati peke yake. Maneno machache, na mtu anarudi mbele yako akiwa na miaka kumi na tatu.

Nikasoma, "Talaso Guyo."

Wakajibu, "Ametangulia."

Hakuna aliyesimama. Wote waliniangalia mimi, maana tulikaa dawati moja miaka minne. Ekai akasema, "Mwalimu, huyu si alikuwa wako?" Na mimi, nikiwa na karatasi mkononi, nikasema, "Tuendelee, chakula kinapoa."

Ni hayo tu niliyosema juu yako.

Baadaye kidogo mlinzi wa geti akaja na mtungi wa maziwa ya ngamia. Akasema kuna mama ameacha, amesema ni ya wanafunzi. Ekai akamuuliza, "Mama gani?" Mlinzi akasema, "Hakutaja jina. Amesema mtajua." Ekai akapaza sauti, "Wazee, Mungu ameona mifupa yenu! Kunyweni!" Tukayatia kwenye chai. Yalikuwa na ile ladha ya moshi, ya chombo kilichofukizwa vizuri na mtu anayejua kazi yake. Nilikunywa vikombe viwili, Talaso. Nilisema kwa sauti kwamba sijaonja maziwa kama hayo tangu nikiwa mtoto. Mtu akauliza, "Ulikuwa unayapata wapi wakati huo, na wewe ni Mmeru?" Nikasema, "Kwa jirani."

Sikusema ni kwenu, Talaso.

Wiki mbili zilizopita mwanamke mmoja alibisha hodi nyumbani kwangu, mtaani Wabera. Alikuwa na paji la uso kama lako, nami nikajua kabla hajafungua kinywa. Alisalimia vizuri, akaketi, hakugusa chai. Akaniambia yeye ni Darmi, binti yako, na kwamba mamake amefariki mwezi wa kwanza, huko nyumbani, baada ya kuugua kwa muda mfupi. Nilitaka kumwambia, pole, lakini tulisikia zamani. Badala yake nikauliza ni mwezi upi. Mwezi wa kwanza wa mwaka huu. Nilianza kuhesabu kwa vidole kama mtoto wa darasa la kwanza, na Darmi akaningoja nimalize.

Binti yako anauza maziwa mjini hapa, karibu na soko la mifugo. Amekuwa hapo miaka sita. Nimepita mbele ya mitungi yake nikienda kununua mboga. Mpishi wa ile hoteli ni mteja wake, na ndiye aliyemwambia kwamba waliosoma shule yetu watakutana. Darmi akatuma habari kwa watu wa lori, nao wakakufikishia siku hiyo hiyo. Hapo ndipo unaona upungufu wetu. Sisi tulikutafuta miezi mitatu kwa simu, na neno lililotoka kinywani mwa dereva lilikukuta kabla ya jioni. Kwenu watu wakikutana njiani hawapitani hivi hivi. Lazima waulizane: mvua imenyesha wapi, nani amezaa, nani amekufa. Habari haiachwi. Mtu yeyote aliyetoka Sericho siku ya soko angeniambia mahali ulipo, na ngamia wako wana hali gani. Nami ninatembea dakika kumi tu kufika sokoni.

Uliondoka siku mbili kabla ya mkutano, ukapitia Garbatulla juu ya lori, na maziwa uliyokamua mwenyewe. Darmi alikusindikiza hadi getini. Ulifika rejista ikiwa imeanza. Ulimzuia mlinzi asiseme kitu. Ulitaka kuingia jina lako likiitwa, ujibu "Niko" ukiwa mlangoni, utushtue. Darmi alisema ulikuwa unajicheka mwenyewe, umeziba mdomo kwa mtandio.

Kisha ukasikia "Ametangulia."

Darmi aliniambia hata hapo hukuondoka. Ulimshika mkono ukamwambia, "Ngoja. Wanasema neno kwa kila mtu. Ngoja nisikie langu."

Halafu Darmi, akiwa ameketi kwenye kiti changu, akayatamka maneno yangu kama yalivyo: "Tuendelee, chakula kinapoa." Aliyasema bila hasira. Akaniuliza tu, "Mwalimu, mama alisema mlikuwa marafiki. Hamkuwa na hata neno moja?"

Mimi niliyesomesha watu miaka thelathini na sita nilimkwepa mtoto wako. Nilisema nimechoka, presha imepanda. Akaaga kwa adabu.

Sasa nieleze neno lenyewe.

Ulinifundisha hesabu za kugawanya kwa vijiwe, pale kwenye bomba la shule, tukingoja foleni ya maji. Kila jioni. Ukinikosoa ulikuwa unaniita kwa jina langu, unasema, "Wewe Kinya, kichwa yako ni kama mlango wa boma, inafunguka kwa kusukumwa." Mtihani ulipokuja, wewe ulinishinda kwa mbali. Wewe uliitwa shule ya upili ya bweni, mimi sikuitwa popote. Kisha ukame ukamaliza mifugo ya baba yako, akahamisha familia kuelekea Sericho na michache iliyobaki. Uliniambia mtarudi mvua ikinyesha, na kwamba utaripoti muhula wa pili.

Zamani, na hili vijana hawalijui, shule haikungoja. Mwanafunzi asiyeripoti kwa wiki mbili, mwalimu mkuu aliandika barua ya pili kwa aliyefuata. Barua hiyo ilikuja kwetu. Baba yangu alichinja jogoo. Nilifika bwenini, nikaonyeshwa kitanda, na kwenye chuma cha kitanda kulikuwa na karatasi imebandikwa: Talaso Guyo. Nilisimama pale nikaisoma mara kadhaa. Kisha nikaibandua kwa kucha, kipande kwa kipande, kabla wasichana wengine hawajaingia.

Yote niliyo nayo yalianzia kitanda kile. Chuo, kazi, jina la Mwalimu, hata mume wangu nilimpata kwa njia hiyo. Si kwamba nilikuibia, najua. Usingeweza kuja, na nafasi ingeenda kwa mwingine. Nimejieleza hivyo miaka yote na hoja ni sahihi. Lakini kama ilikuwa sahihi hivyo, kwa nini sikumwambia mtu? Hata mume wangu alikufa hajui. Nilikuja Sericho mara moja na wakaguzi wa shule, nikalala hapo, asubuhi nikaondoka bila kuuliza jina lako. Na siku ya mkutano, dakika chache kabla ya rejista, walikuwa wamenipigia makofi kwamba mimi ni msichana wa kwanza wa darasa letu kufika bweni. Ningesimama vipi baada ya hapo nikutaje?

Juzi nilimpigia Ekai nikamwambia kwamba ulikuwa hai siku ile. Akasema, "Sasa Mwalimu, si orodha imejisahihisha yenyewe? Wacha hiyo maneno. Watu watakosa raha." Nilimkasirikia, lakini nusu yangu ilikuwa imeshakubaliana naye. Hiyo nusu naijua. Ndiyo iliyobandua karatasi.

Kwa hiyo jana nilikwenda mwenyewe sokoni. Nilimkuta Darmi akipima maziwa. Nikaketi kwenye mtungi uliopinduliwa, miongoni mwa wale akina mama, nikamwambia yote: barua ya pili, jogoo, kitanda, karatasi. Hakuacha kupima. Nilipomaliza alifunga kifuniko, akaniangalia.

"Mama alijua," akasema. "Mwalimu wenu mkuu alimwambia baba yake mwaka ule ule. Alitusimulia sisi watoto wote. Hakuwa na kinyongo, Mwalimu. Alikuwa anangoja tu wewe umwambie."

Alikuwa anangoja. Kwa hiyo pale getini hukuwa unangoja sifa. Ulikuwa unangoja hilo, na ulikuwa umebeba maziwa.

Wale akina mama walikuwa wamesikia yote. Mmoja wao, mzee kuliko mimi, alimuuliza Darmi kitu kwa Kiborana, Darmi akajibu kwa maneno mawili. Yule mama akanisogezea kikombe. Nilikishika. Sikuweza kunywa, na hakuna aliyenihimiza.

Talaso, sikuombi msamaha kwa barua, kwa sababu najua ninavyoandika vizuri, na maneno mazuri yamenisaidia kujificha mara nyingi. Naahidi jambo moja. Jumamosi nitaliita jina lako mahali pake kwenye rejista. Watakaposema "Ametangulia," safari hii ikiwa ni kweli, nitasimama. Nitawaambia kwamba ulikuwa getini. Nitawaambia maziwa yalikuwa ya nani. Nitawaambia makofi yale yalikuwa ya nani pia, na Ekai akitaka tuendelee nitamwomba angoje. Darmi nimemwalika. Hakusema atakuja, hakusema hatakuja.

Naogopa. Nina umri wa kutembea na bakora na bado naogopa kusimama mbele ya darasa la saba.

Lala kwa amani huko ulikolazwa, katika mchanga wa kwenu. Nagaa, Talaso. Hilo neno la amani ulinifundisha wewe, nami nalitamka vibaya mpaka leo.

Barua hii naiweka kwenye kikundi chetu asubuhi hii, ili nisipate nafasi ya kubadili nia kabla ya Jumamosi. Kwa hiyo ninyi wenzangu mnaoisoma: kwenye orodha yetu kuna majina mengine matatu ambayo tumeyawekea alama ya marehemu kwa kusikia tu. Leo, kila mmoja wenu achukue jina moja kati ya hayo, aende kwa miguu yake sokoni au stendi, amuulize mtu aliyetoka upande wao.