Kikao Kilichomjadili Somoe Bila Somoe

Somoe, mpwa wangu,

Kwa kawaida wewe ndiye uliyekuwa ukianza. Ulikuwa ukipiga goti kidogo hata ukiwa na ndoo kichwani, unasema shikamoo Mjomba, nami naitikia marahaba bila kuinua macho kwenye gazeti. Leo naanza mimi. Sijui mkubwa humwamkiaje mdogo aliyetangulia kaburini, na kwa miaka yote niliyofundisha sikuwahi kulitafuta neno hilo. Basi nikuambie tu kwamba nimekaa mezani, nimevaa miwani, na ninataka kusema na wewe.

Habari za nyumbani ni hizi. Nasma yuko Darasa la Kwanza. Anaandika kwa mkono wa kushoto kama wewe. Wewe nilikukataza, yeye sijamkataza. Baba Nasma amerudi kwa ndugu zake Chiungutwa. Hakufukuzwa na mtu. Unajua kwetu mwanamume huja kuishi kwao mke, na mke akiondoka, hata kuta humwona mgeni. Huja kila baada ya majuma mawili kwa bodaboda, hukaa barazani na mwanawe, humkata kucha, kisha huondoka. Mama yako alikuwa akimkaribisha ndani, naye akijibu kila mara, "Hapa panatosha, Mama." Cherehani yako imefunikwa kitenge. Hakuna aliyeikanyaga.

Lakini sikuketi kukuandikia habari za cherehani. Mdogo wako Fatu ni mjamzito, na daktari amemwambia maneno yanayofanana sana na yale uliyoambiwa wewe. Kabla sijakueleza ya Fatu, lazima niseme ya kwako, yote, kwa mpangilio. Sikuwahi kuyasema mbele yako ulipokuwa hai.

Ulipomzaa Nasma, moyo wako ulipanuka. Ndivyo walivyotueleza, na sote tulikuona ukiacha kukanyaga cherehani katikati ya mshono ili upumue. Ulipopata mimba ya pili, yule daktari mwanamke, kijana, mwenye sauti ndogo, alikwambia kwamba moyo huo hauwezi kubeba mimba hadi mwisho. Alikwambia kwamba sheria ya nchi haikubali mimba kutolewa, isipokuwa pale maisha ya mama yanapokuwa hatarini, na kwamba yako yalikuwa hatarini. Alitaka jambo lifanyike mapema, ndani ya mwezi huo. Ulikubali palepale. Una Nasma wa kumlea, ulimwambia. Kisha daktari akasema ingekuwa vizuri familia nayo ikubali kwa maandishi.

Mumeo alipoulizwa alijibu kama alivyofundishwa na wazee wake, kwamba mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo neno ni la mjomba. Hivyo jambo likapanda kutoka hospitalini hadi barazani kwangu.

Ulikuja mwenyewe. Ulikaa kwenye ngazi kwa sababu miguu ilikuwa imevimba, na viatu ulikuwa umevishika mkononi. Ulisema, "Mjomba, nataka kuishi. Naomba uniandikie."  Nilikwambia nimekusikia, na kwamba jambo kubwa kama hilo haliamuliwi na mtu mmoja, hivyo nitaitisha kikao.

Wakati huo nilijiona mwadilifu. Nilijiambia kwamba wajomba wengine wangeamua kwa hasira, au kwa aibu, au kwa kuogopa maneno ya watu, lakini mimi nafuata utaratibu. Nilimwendea shehe wetu nikamuuliza dini inasemaje. Alinijibu akiwa bado anafunga kamba ya kiatu chake: mama ndiye shina, na ikiwa daktari mwaminifu amesema mama atakufa, msimwache afe. Hakuhitaji hata kukaa. Basi nilikuwa na neno la daktari, neno la sheria, na neno la dini. Nilikuwa na neno lako pia, ingawa sikulihesabu miongoni mwa hayo. Nilichosubiri ni akidi.

Unalikumbuka daftari langu la mihtasari. Nililianzisha nilipostaafu, kwa sababu nilichoka kusikia wazee wa ukoo wakibishana nani alisema nini kuhusu shamba gani. Niliweka kanuni: wajomba wote wanne wawepo, la sivyo hakuna uamuzi. Kikao cha kwanza, mjomba wako wa Tandahimba hakuja. Alikuwa na msiba wa jirani. Cha pili, baada ya majuma mawili, wawili hawakuja kwa sababu ulikuwa msimu wa kupulizia mikorosho dawa, na mashine ya kuazima haimsubiri mtu. Mara zote mbili niliandika kwa mwandiko wangu mzuri: "Kikao kimeahirishwa kwa kukosa akidi." Juu yake nilikuwa nimeandika ajenda: "Hali ya Somoe."

Na wewe ulikuwa wapi? Ulikuwa uani unamenya ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, ya kuwachemshia wajumbe. Nilikuwa nakuona kupitia dirishani. Kikao cha pili ulipoleta sinia, mjomba wako mdogo, yule anayependa utani, alikuuliza, "Eti wewe, unataka kututupia mwanaukoo?" Wazee wa ukoo waliokaa nasi wakacheka. Wewe ukaweka sinia chini taratibu, ukasema, "Wajomba, hata mbuzi akipelekwa mnadani huwa yupo mnadani." Wakacheka zaidi, hata mimi nilitabasamu. Kisha nikakwambia, "Somoe, usiwakatize wakubwa. Utaitwa." Hukuitwa. Sikuwa nimekusudia kukuita. Nilisema hivyo ili utoke.

Baadaye ulinifuata shambani, polepole, ukishika mti mmoja baada ya mwingine. Ulisema unashindwa kulala chali. Nilikwambia, "Subiri, kimebaki kikao kimoja." Sauti yangu ilikuwa ile niliyoitumia darasani, ile ambayo mtoto haijibu. Nawe hukuijibu.

Siku nne kabla ya kikao cha tatu, mapovu yalikutoka mdomoni asubuhi ukiwa unamfunga Nasma vifungo vya sare ya chekechea. Gari lilipatikana. Ulifika hospitalini hai. Hukutoka hai, wala aliyekuwamo tumboni hakutoka.

Siku ya mazishi wajomba wote wanne walikuwapo kabla ya saa nne. Wa Tandahimba alifika wa kwanza. Nilisimama pembeni ya kaburi nikawahesabu bila kutaka. Akidi ilitimia.

Somoe, sijui kama

Nimeacha nafasi hapo juu kwa sababu nilisimama kidogo. Sitaifuta.

Baada ya arobaini nilikwenda kwa yule daktari. Nilikwenda kwa hasira. Nilitaka kumuuliza kwa nini hakufanya kazi yake, na nilikuwa nimeyapanga maswali kwenye karatasi. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mzee wangu, kisheria sahihi iliyotakiwa ni ya Somoe, na alikuwa tayari. Ya familia tuliomba kwa woga. Mtu akishtaki, daktari ndiye anayebaki peke yake." Alikuwa analia, lakini hakujifuta. Nilikunja karatasi yangu. Mimi pia niliomba sahihi za wengine kwa woga, ila woga wangu nilikuwa nimeuita utaratibu.

Tangu hapo nimeifikiria sana sheria hiyo. Nimeisoma kadiri anavyoweza kuisoma mtu asiye mwanasheria. Imeacha mlango mmoja tu, mwembamba, kwa mwanamke aliye karibu kufa. Ulikuwa unapita humo, nami nikaweka kiti changu kizingitini nikaketi. Hilo nalijua. Nisilolijua ni la wale ambao mlango huo haukuwekwa kwa ajili yao. Nilipokuwa mwalimu mkuu, msichana mmoja wa Darasa la Saba alikunywa mizizi akafa, na nilisimama mbele ya shule nzima nikaeleza habari za tabia njema. Sikumuuliza mtu yeyote nani alimpa ile mimba. Dini yangu haijabadilika, na mimba kwangu si jambo jepesi. Lakini siku hizi nikimkumbuka yule mtoto, hotuba yangu ndiyo inayonitia aibu, wala si yeye. Zaidi ya hapo sina jibu, na sitajifanya ninalo.

Sasa Fatu.

Unajua mimba yake ya kwanza ilivyokwisha: kifafa cha mimba, siku tatu hana fahamu, na mtoto hakupona. Mwaka huu ameshika tena. Alipofika mwezi wa tatu presha ilikuwa juu tayari. Daktari, yuleyule, alimweleza hatari yote, akamwambia kwamba kwa hali yake sheria inamruhusu kuitoa mimba hiyo, na kwamba akiamua kuendelea watamfuatilia kwa karibu, bila ahadi.

Niliposikia, sikuitisha kikao. Nilijisifu kwa hilo. Nilivaa koti, nikaenda hadi kwake, nikamkuta anatwanga. Sikukaribishwa hata kiti, nikaanza kusema. Nilimwambia kesho asubuhi tunakwenda hospitalini, jambo limalizwe, mimi mwenyewe nitasaini chochote, na wajomba wengine nitawajulisha baadaye. Nilimwambia sitazika tena.

Fatu aliuweka mchi. Unamjua mdogo wako, hana heshima yako; ana ulimi. Alisema, "Shikamoo kwanza, Mjomba." Niliitikia. Kisha akasema, "Somoe ulimwambia asubiri. Mimi unaniambia niharakishe. Utaniuliza lini?"

Nilisimama pale na koti langu. Somoe, nilidhani nimebadilika. Nilikuwa nimehamisha tu uamuzi kutoka upande mmoja wa meza kwenda mwingine, na bado nilikuwa nimekalia kiti kilekile. Ilinichukua muda kusema maneno mepesi kama yale. Nilisema, "Unataka nini, Fatu?"

Alisema anataka kuendelea. Alisema anajua anaweza kufa, aliambiwa na daktari kwa Kiswahili na akaelewa, tena alimwomba arudie. Alisema ameshapanga: kuanzia mwezi wa saba atahamia karibu na hospitali, dawa hatakosa hata siku moja, na presha ikizidi nguvu ya dawa, atasema mwenyewe "basi", na siku hiyo hataki mtu wa kumbembeleza. Aliyasema hayo huku anapepeta, kama mtu anayeeleza safari ya sokoni.

Nilitaka kubisha. Hoja zangu zilikuwa nzuri, na nyingine ni hizihizi nilizokuandikia. Wewe ulitaka kuishi tukakuzuia; huyu anakwenda kwa hiari kwenye hatari ileile, nami ninyamaze?  Nikaomba maji. Mama yako, aliyekuwa mlangoni akisikiliza muda wote, alisema, "Leo umekuwa mjomba," akaingia ndani kuyaleta. Sijui kama alinisifu au alinisema. Toka ulipofariki mama yako huongea nami maneno machache, na sijaomba zaidi.

Tulipokwenda hospitalini, mimi nilibeba mkoba tu. Daktari alipomaliza kueleza alinigeukia, kwa mazoea au kwa woga uleule, akaniuliza, "Mzee, nyie kama familia mnasemaje?" Nilimwambia amuulize mwenye mwili. Fatu alichukua kalamu akasaini taratibu, herufi moja moja, mahali palipoandikwa jina lake. Chini yake palikuwa na mstari wa jamaa. Uliachwa wazi. Daktari aliutazama, akanitazama, kisha akaifunga faili.

Wajomba wenzangu wamenikasirikia. Wa Tandahimba alinipigia simu akasema nimeuza ukoo kwa wanawake. Nilimwambia ukoo wetu tangu mwanzo unapitia kwa wanawake, ndiyo maana mimi na yeye ni wajomba na si vinginevyo. Alikata simu. Yule mdogo mwenye utani alituma kilo mbili za unga wa lishe kwa ajili ya Fatu, na hajatania tangu msiba wako.

Fatu sasa yuko mwezi wa saba. Amehamia chumba cha kupanga karibu na hospitali, yeye na mama yako; Nasma nimebaki naye mimi. Juma lililopita presha ilipanda, ikashuka. Nilipokwenda kumwona alikuwa amelala ubavu, uso umejaa kidogo, na swali lilinifika ulimini: bado unataka? Nikakumbuka kwamba kuuliza kila siku nako ni kusukuma. Nikamwuliza kama amekula. Akacheka, akasema, "Mjomba unajifunza kwa shida."

Sijui kama atapona. Naogopa kila simu inapolia. Usiku silali, mchana sisomi. Lakini woga huu ni wangu, na nimeamua kuubeba mwenyewe nisimpe yeye aongeze kwenye mzigo wake. Wewe nilikupa wangu wote.

Sikuombi unisamehe. Ungenisamehe haraka kwa sababu mimi ni mjomba wako, na msamaha wa namna hiyo sistahili kuuchukua. Nitamlea Nasma. Atakapokuwa mkubwa na kuuliza, nitamsomea kurasa zile mbili za daftari kama nilivyoziandika, na kumwambia mwandishi ni nani.

Pumzika, Somoe. Mungu akupe nafasi pana kuliko ile tuliyokupa sisi. Ahadi yangu kwako ni moja. Fatu akisema tuendelee, nitaendelea kupeleka unga na kukaa kimya. Akisema basi, nitainuka kabla hajaimaliza sentensi yake.

Mjomba wako,
Newala