Tukubali Kwanza kwamba Mtu Yupo

Nyahanga,
Kahama.
7 Mei 2025

Mpendwa dada Hosiana,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta wewe, shemeji Athanas na watoto mkiwa wazima huko Mtwara. Goti lako je, limepoa? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio umechafuka. Nimekupigia simu wiki nzima hupatikani, kwa hiyo nampa barua hii Sanket wa duka la vifaa, anayekuja huko kesho kwa ndugu zake.

Mama yako yu hai. Naanza na hilo usije ukasoma unatetemeka.

Chuo kilinipa likizo nifanye utafiti Mwakitolyo, kuhusu namna wachimbaji wanavyoeleza chanzo cha mambo: kwa nini duara hili, shimo la kuchimbia, limetoa dhahabu na lile limeua watu. Wanafunzi wangu hunitania kwamba falsafa haijazi sufuria. Laiti ubaya wake ungeishia hapo.

Mwezi uliopita duara la Edward lilititia, likafukia vijana wawili. Hakuokolewa hata mmoja. Matanga hayajaisha, mganga akasema kuna mwanamke amelifunga duara kwa uchawi, na watu wakamtaja shangazi Nyamizi, mama yako, kwa sababu ya macho yake mekundu. Macho ya moshi wa kuni, dada. Siku ya ajali nilikuwa nimempeleka Kahama kuyatibu.

Ikaitwa dagashida, lile baraza la wazee na sungusungu. Nikaomba kusema, nikafanya kama nifanyavyo darasani: unalikubali dai la mwenzako kwa muda, unalifuata mpaka lianguke lenyewe. Nikasema, "Tukubali kwanza kwamba mtu yupo. Mtu huyo angepaswa kuwa hapa siku ile, na shangazi hakuwepo." Nilikuwa naelekea kuwaonyesha kwamba hata huyo mtu hayupo, zipo mvua na magogo yaliyooza. Sikufika. Wanawake walishapiga vigelegele kwa ajili ya shangazi, na Mzee Enock, mwenyekiti, akasimama kufunga shauri.

"Mwalimu wa chuo kikuu mwenyewe amekubali mtu yupo," alisema. "Si Nyamizi. Basi tumtafute."

Mbele ya wazee wale, neno ukishalikubali umelikubali, hakuna kukubali kwa majaribio. Nimezaliwa huko huko Mwakitolyo na nimelisahau hilo, msomi mzima.

Jua halijazama walishampata: Martina, yule mjane jirani wa shangazi aliyekuwa akikusuka nywele. Wamemtenga. Hasalimiwi, hapewi moto, kisimani hateki. Na vijana wa machimboni wanasema kutengwa hakutoshi. Nilipeleka taarifa polisi. Walikuja, wakaongea na wazee, wakaondoka.

Kesho yake shangazi alikunja godoro lake akahamia kwa Martina. Nilimfuata nikambembeleza aje kwangu hapa Nyahanga. Hakunifokea. Ningefurahi angenifokea.

"Ng'wana wane, mwanangu," aliniambia, "wewe ulisema mtu yupo. Basi mimi nakaa na huyo mtu."

Akafunga mlango. Sasa na yeye hasalimiwi.

Baraza litakaa tena Jumamosi ya wiki ijayo. Nitaenda kusema mtu hayupo. Wataniuliza kama nilidanganya siku ile au nadanganya leo, na jibu langu ni refu kuliko subira yao. Wakinifukuza, wanifukuze. Ila naogopa, dada, naogopa sana kuyaweka tena maisha ya watu juu ya ulimi wangu. Njoo umchukue kabla ya siku hiyo. Wewe umetoka tumboni mwake, hatakufungia mlango.

Nisalimie sana shemeji, na Loveness na Edson, waambie mjomba wao anawakumbuka. Noela na mama mkwe wako pia wasikose salamu zangu. Mungu akutangulie njia nzima na akufikishe tukiwa bado tuna la kufanya.

Kabla hujaondoka, tandika vitanda viwili. Mama yako hatatoka mle ndani bila Martina.

Mdogo wako akupendaye na anayekusubiri stendi,
Masele